Muzungu Aliyeuza Shamba la Baba Yake

Wenzangu wa pale kwenye mashini ya mupunga, kila asubuhi mnaniuliza kitu kimoja: Kalonda, ulienda Wamaza kuuzisha shamba la marehemu baba yako, mbona umerudi na jogoo na gunia la mbegu, na shamba liko pale pale? Kujibu kwa mudomo nimechoka, maana kila mutu anakuja kwa saa yake na ninaanza upya. Basi nimeandika. Masomo yangu yaliishia mwaka wa tano wa primeri, mwalimu akisema niko na kichwa kigumu. Leo mwalimu ule analeta mupunga wake kwangu na anangoja foleni kama wengine. Kwa hiyo mwandiko ukipinda, someni vile vile.

Mnajua nilikotoka. Miye mutoto wa jembe. Nilisukuma kinga, baiskeli yenye gunia mbili, kutoka Wamaza mupaka hapa Kasongo, mvua ikininyeshea, na kinga haikuwa yangu. Leo niko na mashini mbili, nyumba ya mabati, na moto, ile pikipiki ambayo wote mnaijua kwa mulio wake. Sikuchimba dhahabu, sikurithi, sikubebwa na mutu. Njo maana siku ile Yaya Mariamu, dada yangu mukubwa, aliponipigia simu kusema kuna patroni wa machimbo ya Salamabila anataka bonde letu apate kuchimba dhahabu, nilimujibu kabla hajamaliza.

"Mupeni. Miye nitafanya nini na matope? Jembe nililiacha kuko huko."

Nilisema kwa sauti, foleni yote ikasikia, wengine mkacheka. Yaya akasema, "Weye njo mwanaume wa nyumba. Neno ni lako."

Na kwetu shamba halitoki kwa simu. Mwanaume wa nyumba anafika mwenyewe, anachimbua bonge la udongo na majani yake, analitia mukononi mwa anayelichukua, kapita, mukubwa wa kijiji, akiona. Bonge likishapita mukono, imekwisha. Bonde lile, kwa wasiolijua, njo linamulisha Yaya na wajukuu wake tangu aliporudi kutoka ng'ambo ya ziwa, alikokimbilia wakati wa vita. Nililijua hilo. Lakini neno nilikuwa nimeshalitoa, na maji yakimwagika hayazoleki.

Kasongo mupaka Lusangi

Safari ile nilienda na muzungu mumoja, mugeni wa paruasi ya kanisa, amefika siku tatu tu. Dale, sisi tukamuita Papa Dele. Muzee wa Amerika, mikono mirefu, kofia ya jua. Aliposikia ninaenda vijijini alikuja mwenyewe mupaka kwenye mashini akaomba tuende pamoja, kwa sababu alichoka mikutano, alitaka kuona shamba. Kiswahili alikuwa nacho. Ujanani alifundisha huko Tanzania, kwa hiyo alisema kama redio.

"Wewe bwana ni mfanyabiashara?" akaniuliza.

"Miye ni kila kitu," nikamuambia. "Na weye, Papa?"

"Mimi ni mkulima. Nilikuwa."

"Mukulima wa Amerika. Shamba kubwa?"

"Lilikuwa kubwa. Niliuza shamba la baba yangu. Lote."

Nilifurahi sana. Mutoto anatoa pesa zake mwenyewe anamulipa baba yake, anachukua hekta zote, hakuna kugombana na ndugu kwenye kilio cha baba. Nikasema, kumbe njo maana wenzetu waliendelea. Tangu hapo nilikuwa na hadithi yangu. Kila tuliposimama niliwaambia watu, "Huyu munayemuona njo muzungu mwenye kuuza mashamba." Yeye alisikia, akainamisha kichwa. Nilidhani ni adabu.

Tulikuwa na moto mbili. Yangu niliendesha mwenyewe na mizigo. Papa Dele alipanda kwa Sumaili, motari wa umri wangu, ambaye hajawahi kusifu kitu maishani mwake. Kwenye baryeri ya kwanza walifunga kamba njiani, na mwenye kuishika alikaa kwenye kiti cha miguu mitatu.

"Kazi yake?" akauliza.

"Mukulima," nikajibu.

"Mukubwa, usinichezee. Mukulima na miwani ile? Mukulima njo miye nikitoka hapa magaribi. Huyu anafuata dhahabu."

"Muulize mwenyewe."

Papa Dele alinyoosha mukono wa kuume. Kidole kimoja hakiko, kilikatwa na mashini ya mahindi. Mwenye kamba aliushika mukono ule, akaugeuza huku na huku kama mutu anayechagua muhogo.

"Kweli," akasema. "Huyu shamba lilimuuma." Akalegeza kamba. "Na kule kwenu, Papa, mukulima anaheshimiwa?"

"Zamani, ndiyo. Baba yangu akifika benki, mkubwa wa benki alitoka mlangoni kumsalimu. Mimi nilipofika, niliambiwa niketi nisubiri."

"Kumbe na kule ni kukaa kungoja," mwenye kamba akasema, akarudi kwenye kiti chake. Nilimuona amefurahi kidogo.

Lusangi tuliingia na mvua. Tukajibanza chini ya kibanda cha soko, na hapo Papa Dele akaanza kusalimia. Kuna mama muzee alipita na beseni ya dagaa kichwani. Papa Dele akamuinamia, "Shikamoo, mama."

"Aksanti, baba. Shika," mama akamupa beseni, akajifunga kitenge vizuri, akapumzika mugongo. Muzungu alisimama na dagaa mikononi kwa muda murefu, watu wanakatika mbavu. Sisi hatuna hiyo shikamoo. Sumaili akasema, "Papa, ukirudilia tena utapewa hata mutoto."

Baadaye alienda kutafuta ndizi, akarudi mikono mitupu.

"Nimemwuliza, mama unauza ndizi? Amesema hauzi."

"Sasa auze za nini, na zake zimejaa mbele yake?" nikamujibu. Yeye akanitazama, na miye nikamutazama. Nilisema moyoni jua la njiani limemuingia. Ndizi nilienda kuzichukua mwenyewe.

Lusangi mupaka Kabambare

Mnyororo wa moto ya Sumaili ulikatika mahali pasipo na kitu ila nyumba moja. Wenye nyumba walikuwa wanavuna karanga. Hawakutuuliza tunatoka wapi, walitupa viti kwanza. Sumaili akakaa chini na waya na jiwe. Sisi tukaletewa ugali wa muhogo, sombe, majani ya muhogo ya mawese, na samaki ngolo wa kukausha. Papa Dele alikula kwa mukono kama mutu wa kwetu, akaomba tena, na mwenye nyumba mwanamuke, Mama Furaha, akaanza kumupenda.

"Kwenu mukilima munaimba?" akamuuliza.

"Zamani tulivuna pamoja. Majirani walikuja wote, wanawake wanapika, leo kwangu, kesho kwako."

"Kama hapa."

"Kama hapa. Sasa kila mtu yuko peke yake ndani ya trakta, na redio yake. Na majirani wenyewe hawapo. Mtu mmoja analima mahali palipokuwa na familia kumi na mbili. Shule ilifungwa kwa kukosa watoto."

Sumaili, pale chini, akasema trakta si kitu kibaya, shida ni kuharibika.

"Yangu ilipoharibika," Papa Dele akajibu, "sikuruhusiwa kuifungua. Ina kompyuta ndani. Lazima nimwite fundi wa waliotengeneza, nangoja siku tatu na mvua inakuja."

Sumaili alisimamisha jiwe hewani. "Mashini ni yako?"

"Yangu."

"Na unakatazwa kuifungua?"

"Ndiyo."

"Basi si yako," Sumaili akasema, akapiga waya, mnyororo ukashika.

Niliona jina langu linaharibika. Miye ninatangaza mutu mukubwa, yeye anajishusha. Nikasema kwa sauti, "Lakini mutu huyu aliuza hekta zote za baba yake, peke yake."

"Ndiyo," akasema. "Na bado asubuhi niliendesha basi la watoto wa shule, na mke wangu alifanya kazi hospitali, maana bila kazi yake tusingeweza kumlipa daktari. Kwetu kuna msemo wa mzaha kwamba mkulima anaishi maskini ili afe tajiri."

Mama Furaha alimuongezea sombe bila kuuliza. "Pole, Papa," akasema. "Weye uko mukulima kweli."

Kabambare tulifika tumejaa vumbi. Tulilala kwa rafiki yangu mwenye duka, na hapo nilikuta habari zetu zimetutangulia. Alinisalimia hivi: "Njo huyu muzungu mwenye kuuza mashamba? Patroni Bilali alipita hapa anaenda Wamaza, amesikia, hana raha. Anaogopa utamupa huyu."

Bilali njo ule patroni wa Salamabila aliyetaka bonde letu. Nilicheka, nikajiona mukubwa zaidi ya pale nilipotoka.

Kwenye muto Luama

Mwenye mutumbwi alikuwa ameenda kwenye kilio upande wa pili. Tulimungoja kutoka asubuhi mupaka jua kusimama katikati. Tulikula mikate ya muchele. Kisha, kwa kupoteza saa tu, nikamuuliza:

"Ulipouza lile shamba, baba yako alifurahi?"

"Baba alikuwa amekufa. Angekuwa hai nisingeuza."

"Sasa pesa ulimupa nani?"

Akageuka. "Nilimpa nani? Mimi nilipewa. Yule mnunuzi alinipa."

"Mununuzi gani tena?"

"Aliyenunua. Tajiri wa mji wa mbali, hajafika hata siku moja. Mimi niliuza, yeye akanunua."

Nilisimama, nikakaa tena. Sisi wa hapa, mutu akitoa pesa kuchukua kitu, ameuza. Akikitoa kitu, ameuzisha. Papa Dele alijifunza huko Tanzania, ambako kuuza ni kukitoa. Siku mbili nzima nilikuwa ninamutangaza njia yote kama mwenye kununua mashamba ya watu, kumbe ni mutu aliyelitoa la kwao. Na kila niliposema, yeye alisikia ninamutangazia aibu yake mbele ya wageni, akainamisha kichwa. Hata mama wa ndizi nilimuelewa hapo. Alimuambia kweli kabisa kwamba yeye hauzi, anauzisha.

"Kwa nini uliuza?" nikamuuliza, sasa kwa kuuza kwake.

"Mahindi bei yake inapangwa na watu ambao hawajawahi kuyashika. Watoto wangu wako mjini. Na nilikuwa na kiburi. Niliwaambia watu nimechoka, nitapumzika, nitasafiri. Nilisema mara nyingi mpaka nikaona haya kurudi nyuma." Alipangusa miwani kwa shati. "Walibomoa nyumba, wakang'oa miti ya babu. Mahindi yanaota pale mama alipokuwa akipika. Nikienda mjini sasa napita barabara nyingine, ndefu, nisipaone."

Kosa langu la lile neno sikumuambia, niliona haya. Nilikuwa ninaangalia maji na ninasikia sauti yangu mwenyewe: nitafanya nini na matope? Foleni inacheka. Mwenye mutumbwi alipofika nilitamani achelewe tena.

Wamaza

Yaya Mariamu alitupokea mulangoni na unga mikononi. Papa Dele alikuwa ameshaacha shikamoo yake tangu Lusangi, lakini kwa uchovu ikamutoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Yaya akajibu, akachukua mufuko wake, akamuonyesha maji ya kuoga.

Sikulitilia maana. Nilikuwa na mambo yangu. Magaribi wale wawili walikaa jikoni wanamenya muhogo na kuongea, miye nikazunguka bonde peke yangu. Mupunga ulikuwa umefika magoti. Ngazi za maji ambazo baba alizichonga kwa jembe, Yaya amezishika vile vile, hata moja haikubomoka. Niliona pahali niliposimama mutoto nikifukuza ndege. Nikarudi, nikala, nikaenda kulala. Yaya hakuniomba nirudishe neno. Angeniomba, labda ningepata njia.

Asubuhi tukakaa kwenye baraza ya kapita. Patroni Bilali alikuja na watu wake wawili wa kuchimba, koti la ngozi na joto lile. Kapita, muzee wa maneno machache, akauliza kama neno langu liko vile lilivyokuwa. Watu wote wananiangalia: Kalonda, mwenye mashini mbili.

"Neno langu ni moja," nikasema.

"Basi leta udongo."

Nilienda ukingoni mwa bonde, nikachimbua bonge na majani yake. Lilikuwa zito kuliko nilivyokumbuka. Nilirudi nalo mikono miwili, maji yanadondoka kwenye viatu vyangu. Bilali akanyoosha mikono.

Hapo Yaya Mariamu, aliyekuwa anagawa maji ya kunywa, akasema kama mutu anayeuliza habari ya chumvi, "Patroni, usimuache mugeni nje ya maneno. Si njo fundi wa kuuza mashamba? Sifa zake zilifika hapa mbele yake. Muulize."

Bilali alirudisha mikono. Niliona hilo lilikuwa linamuwasha tangu Kabambare.

"Papa," akasema, "weye uliona mashamba mengi. Hili liuzwe ao lisiuzwe?"

Papa Dele alisimama, akavua kofia. Alimuangalia Yaya, akaangalia lile bonge mukononi mwangu.

"Lisiuzwe," akasema. "Mimi niliuza. Nilijuta kabla wino haujakauka. Ukienda kuangalia pale leo, hakuna kitu. Udongo mtupu."

"Udongo mutupu?"

"Mtupu kabisa."

Mumoja wa wachimbaji wa Bilali akamuinamia sikioni, lakini alikuwa mutu wa sauti nene, tulisikia wote: "Hawa wazungu wako na mashini ya kuona dhahabu chini."

Wenzangu, mnanijua kwa kinywa changu. Siku ile kilikuwa na sentensi moja tu: patroni, kwake kuuza ni kuuzisha. Maneno matano. Yalifika kwenye meno. Nikayameza.

"Kapita," Bilali akasema, "miye sikatai. Lakini ninarudi kwanza Salamabila kufikiri."

"Ulikuja na haraka."

"Haraka ilikuwa ya jana."

Alitoka na koti lake. Kapita alinigeukia. Neno langu lilikuwa zima, hakuna aliyeweza kusema nililirudisha. Aliyerudi nyuma ni mwingine.

"Kalonda," kapita akasema, "udongo huo utakauka. Uweke ulipoutoa."

Nikaliweka bonge kwenye shimo lake. Yaya akalishindilia kwa kisigino, mara mbili, akarudi kwenye muhogo wake. Nilisikia njaa ya ghafula, nikala sahani mbili.

Kurudi

Njia ya kurudi haikutusumbua, ao pengine ilitusumbua na hatukuona. Jogoo alinipa Yaya. Gunia la mbegu nililiomba mwenyewe, niko na kipande cha bonde kule nyuma ya mashini ya pili, asicheke mutu. Kwenye Luama nilimueleza Papa Dele lile neno, kuuza na kuuzisha, na jinsi nilivyomutangaza. Tulipofika katikati ya maji akaniuliza:

"Kwa hiyo nilimdanganya yule bwana?"

"Weye ulisema kweli yako. Yeye alisikia ya kwake."

Alianza kucheka, mutumbwi ukayumba, mwenye kasia akatugombeza wote wawili. Lusangi alienda peke yake kwa ule mama wa ndizi. "Mama, unauzisha ndizi?" Alirudi na mukungu muzima begani, akampa Sumaili abebe. Sumaili akasema ni mbichi.

Nilipofika nyumbani nikampigia Yaya simu. Nilitaka ajue ni nani aliyeliokoa lile shamba, maana mutu asipojisifu mwenyewe atasahauliwa. Nikamueleza yote, neno la muzungu na maana zake mbili, na jinsi miye, kwa akili, nilivyonyamaza.

Yaya alisikiliza mupaka mwisho. Nilisikia kuku wake.

"Kalonda," akasema. "Kule ng'ambo ya ziwa nilikaa Kigoma miaka minne. Nilikuwa na meza ya mihogo sokoni. Kila siku wananiuliza, mama unauza? Unadhani nilikuwa ninawajibu nini?"

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Muzungu alinieleza yote jikoni, tunamenya. Na nani alimuambia patroni amuulize?"

Nilimuambia inite, salio la simu, zinaniishia, tutaongea siku nyingine. Hazikuwa zinaisha.